Mtu Aliyeunadi Mtaa Wetu

Mtaa wetu unaitwa Mnadani, na mgeni akipanda Lushoto kutoka Mombo kwa mara ya kwanza huuliza mbuzi wanauzwa siku gani. Hapajauzwa mbuzi hapa hata siku moja. Kilichouzwa ni udongo huu huu tunaoukanyaga, kiwanja kwa kiwanja, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, na aliyeuuza kwa mdomo wake alikuwa mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kengele ya shaba. Sisi tulimwita Mnadi. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sitaliandika. Wajukuu zake wako hai, na mengine nitakayoyasema hayapendezi.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la pili kwa sababu nyumbani kulikuwa na kabichi za kubeba. Kwa hiyo nitasema kama ninavyojua kusema.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha. Siku ya mnada alisimama juu ya sanduku la misumari, akapiga kengele mara moja tu, kisha akataja bei. Hakupayuka. Aliitoa sauti kifuani pole pole, nayo ikavuka bonde, hata waliokuwa wakichuma plamsi kule Uzunguni wakainua vichwa. Nyumbani, mtu yule yule aliongea chini chini hadi ukadhani anaficha kitu mdomoni. Mkewe alikuwa mcheshi. Tukiwa bombani alituambia, "Sauti yote anaiuzia serikali. Mimi naletewa pumba."

Na namba tatu hakuitaja ovyo. Kwenye mnada, ukishasema mara ya tatu, kitu kimekwenda, hakirudi. Basi nje ya mnada hakuitia mdomoni. Ukimuuliza ana watoto wangapi alisema wawili na mwingine. Sokoni alinunua mafungu mawili ya karoti, akalipa, akaondoka, kisha akarudi kuchukua jingine. Sisi wauza mboga tulimcheka sana. Siku moja nikamwambia, "Mnadi, hizi ni karoti, si viwanja." Hakucheka. Akanijibu, "Na zimeota wapi, mama Zaina, kama si kwenye kiwanja cha mtu?"

Alikuwa na viatu vyeusi alivyovipiga rangi mpaka unajiona humo. Lakini asubuhi ya mnada alivivua, akavishika mkononi, akatembea kila kiwanja peku, kuanzia cha chini kabisa mpaka cha juu. Julai ya Lushoto mnaijua. Umande unauma kama upupu. Wengine walisema ni dawa anafukia. Yeye alisema unyayo unajua maji yanakopita kuliko ramani. Na alipopanda kwenye lile sanduku alisema kila alichokikuta. Bwana ardhi alisoma namba na ukubwa, akasema kiwanja ni tambarare, kizuri, karibu na barabara. Mnadi akaongeza, "Tambarare ni kweli. Masika mtavua ndani kambare." Tajiri mmoja wa duka la vitambaa aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono akaushusha, watu wakacheka, bwana ardhi akawa mwekundu ingawa alikuwa mweusi kama mimi. Walimwita ofisini wakamkaripia. Mnada uliofuata akafanya vile vile. Walimwacha kwa sababu hawakuwa na sauti nyingine.

Hapo ndipo alipopata jina la mkweli. Watu walisema Mnadi akikwambia hakuna nyoka, lala.

Lazima niseme mtaa ulipatikanaje, maana vijana wanadhani nyumba zilikuwapo tangu milima iumbwe. Enzi za Mdachi na Mwingereza, mji ulipangwa kama nyumba ya mtu mwenye makuu. Uzunguni juu, kwenye mikaratusi. Uhindini chini, barabarani kwenye maduka. Sisi Washambaa tuliingia asubuhi na mizigo, tukatoka jioni na chumvi. Mwingereza alipokaribia kuondoka, boma likaona na sisi tuwe na mtaa. Likachukua mteremko mmoja uliokuwa na migomba na nyumba za watu. Wenyewe wakalipwa fidia ya migomba, wakatawanyika, huyu Lukozi, yule kwenye mkonge huko chini joto linakokaa. Wapimaji wakaja na mnyororo wao. Kabla ya mnada, bendera ikabadilishwa, na aliyekuja kutuuzia akawa serikali yetu wenyewe. Tulifurahi. Nakumbuka tulivyofurahi. Hatukuuliza waliokuwa hapa wamelala wapi.

Mnadi alikuwapo tangu siku za kupima. Alijua Kiingereza cha ofisini na Kishambaa cha wazee, kwa hiyo alikuwa mkalimani wa wapimaji. Kwetu mpaka hauwekwi jiwe, huoteshwa masale, ule mmea wa majani marefu usiokubali kufa. Unaukata leo, kesho umechipua. Wapimaji waliyang'oa masale yote, wakafukia mawe yao yenye namba. Miaka ikapita, mawe yakazama, watu wakaanza kugombana. Hawakwenda bomani. Walimwita Mnadi. Alikuja, akavua viatu, akatembea akipapasa kwa vidole vya miguu kama mtu anayetafuta sindano, akasimama. Ukichimba hapo, jiwe lipo.

Mara moja alisuluhisha jirani zangu wawili, mke wa mwinjilisti na mke wa mwalimu wa madrasa, waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mti wa peasi. Shina lilikuwa upande huu, matawi upande ule. Walimwaga maneno mpaka yakaisha. Mnadi akauliza kama anaruhusiwa kuupiga mnada mti huo ili wagawane. Wakatazamana. Akasema, "Basi pikeni chai, mti umeniogopa." Walikunywa chai wote, na yeye akanywa.

Chai alikunywa kwa kila mtu. Isipokuwa kwangu.

Hili liliniuma miaka mingi, nami si mtu wa kuumizwa na chai. Aliishi mkabala na sisi, barabara katikati, vyumba viwili alivyopanga kwa mjane mmoja Mlutheri. Kiwanja chake mwenyewe hakuwa nacho. Mtu aliyeuza mtaa mzima kwa mdomo wake alikufa mpangaji. Tulimwambia aombe, wakati ule angemzuia nani? Alisema alale wapi na usingizi aupate wapi, kila kiwanja amekwisha kukisemea bei. Basi kila Idi nilimpelekea pilau kwenye bakuli la maua. Alipokea kwa mikono miwili, akasema hongea sana, ndiyo asante ya Kishambaa, akaniuliza hali ya watoto. Idi moja nikarudi upesi kuchukua bakuli, nikamkuta anawamwagia kuku wa mwenye nyumba. Pilau yangu. Nilimwamkia, nikachukua bakuli langu, na sikumsemesha mpaka mfungo uliofuata.

Tena hakupita nyuma kwangu. Akija kumwona mume wangu alikaa kibarazani mbele. Akiitwa ndani alisema viatu vina tope. Vile viatu!

Na mazishi aliyaogopa. Alihudhuria ya Waislamu wenzake na ya Wakristo, alisimama mwanzo hadi mwisho, lakini mbali, na udongo hakutia hata konzi moja. Watu walimsamehe kwa kuwa alikuwa na heshima zake nyingine. Mimi sikumsamehe. Mume wangu alipofariki alisimama kule kwenye miti, na mimi nikasema moyoni, huyu ana kiburi hata kwa maiti.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye siku tuliyopata kiwanja. Mume wangu, fundi seremala, alishikwa na homa wiki ile, nikaenda mimi, Zaina mgongoni. Kilipofika kiwanja tulichokitaka nikanyoosha mkono. Mnadi akaniruka. Nikanyoosha tena, akaniruka, akamtazama mtu wa nyuma yangu. Nikasema, "Mnadi, mkono wangu uko juu."

Akashusha kengele. "Mama, kiwanja umekiona?"

"Nimekiona."

"Umekiona chote? Hata nyuma?"

"Hata nyuma."

Watu wakacheka. Mmoja akasema nikaitiwe mume wangu aje na homa yake. Mnadi akatazama chini. Akasema mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu akaisema kwa sauti ile ya nyumbani kwake, mpaka bwana ardhi akamwamuru arudie. Nilichukia. Nilijua ananidharau kwa kuwa ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mikono ya kabichi. Lakini nilitembea nyumbani nimeinua kichwa kwa jambo moja: siku ile alitaja ila za viwanja vyote, changu hakukitaja ila. Nikamwambia mume wangu, tumepata kisicho na ila.

Tukajenga. Nyuma ya nyumba nikachagua mahali pa jiko la nje, penye udongo laini na kivuli cha mgomba, nikaweka mafiga yangu. Masika ya kwanza sakafu ya jiko ilibonyea hapo kwenye mafiga, kina cha kiganja. Mume wangu akasema ni fuko. Nikajaza udongo, nikashindilia kwa mchi. Masika yaliyofuata pakabonyea tena, mahali pale pale, urefu ule ule. Nikajaza. Kila mwaka nilijaza. Sikumwambia mtu. Nikipika, nilijikuta nageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu, kisha najitukana.

Halafu likaja Azimio, na siasa ya Ujamaa, na minada ikafa. Viwanja vikawa vya kugawiwa na kamati. Mnadi alipewa kazi ya kupiga kengele yake mtaani kuita watu mikutanoni. Katika mkutano mmoja kijana wa chama alitufundisha kwamba ardhi haina bei na haijapata kuwa nayo. Akamwona Mnadi amesimama na kengele, akamchokoza: mzee huyu aseme, yeye aliyekuwa akiuza. Mnadi akasema, "Kijana asema kweli. Bei ilikuwa mdomoni kwangu tu." Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Lakini wengi wetu tulirudi na hofu. Zilikuwa siku za maneno. Ilisemwa waliopata ardhi kwa kununua wataitwa waulizwe. Mimi nilikuwa mjane tayari, na watoto wanne, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa jasho lote la marehemu. Nililala na hati ya kiwanja chini ya godoro.

Ndipo alipokuja mama mmoja kutoka kijiji cha Zirai.

Mara ya kwanza alisimama tu barabarani, mwanamke mtu mzima, khanga imefifia, anaitazama nyumba yangu kama anayesoma. Nilipotoka akaondoka. Mwaka uliofuata akabisha hodi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akakataa kukaa. Akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuja hapa, nyuma ya nyumba ulikuta masale yamezunguka?"

Nilimwelewa mara moja. Masale kwetu ni mpaka, lakini ni kaburi pia. Ya mpaka hufuata mstari. Ya kaburi huzunguka. Na kaburi lenye mwenyewe hupaliliwa, lisije likachanganyika na pori. Mgeni haoni tofauti. Mshambaa anaiona akiwa mbali.

Nikasema sikukuta masale, nilikuta mawe ya serikali. Hiyo ilikuwa kweli.

Akanieleza, amesimama vile vile. Alizaliwa kwenye mteremko huu, akaolewa Zirai, kule Muheza, mbali kwa miguu na mbali kwa basi. Mama yake alifariki yeye akiwa na mimba ya miezi ya mwisho, hakuweza kusafiri. Kaka yake ndiye aliyezika, ndiye aliyebaki. Alipeleka salamu kila mara kwamba kaburi analitunza, kila mwezi ukiandama analipalilia. Watu wengine wakampelekea dada maneno mengine: kaka yako yuko kwenye mkonge anakunywa, mama amelala porini. Walipokutana kwenye harusi akamwita mwongo mbele ya watu. Halafu mteremko ukachukuliwa, kaka akafia huko huko kwenye mkonge, na walikuwa hawajasemezana.

"Nilimwita mwongo," akasema. "Nataka nione mahali tu. Labda nitajua kama nilimwonea."

Mimi nikafikiri nini? Nikafikiri hati. Nikafikiri kamati, na huyu mwanamke amesimama mbele yao anasema kwa mama yake ndipo hapa. Nikamwambia hapa hakuna kaburi la mtu, nimenunua mbele ya kengele, akitaka aende bomani.

"Nimetoka bomani," akasema. "Ramani yao ina namba tu."

Nikafunga mlango. Ni kweli niliufunga, na jua lilikuwa kali, na hata maji sikumpa. Kupitia dirishani nilimwona Mnadi kwenye benchi lake ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesikia yote. Akasimama, akaingia kwake, akafunga na madirisha, saa sita mchana.

Tangu mwaka ule sauti yake ilianza kukatika. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa inakwenda na kurudi, mwisho ikabaki mnong'ono. Hospitali walisema ni koo. Watu walisema mengine. Mimi sisemi nisichokijua. Kengele wakampa mtu mwingine, naye mke wa Mnadi akawa anatuambia bombani, bila kucheka safari hii, kwamba sasa hata pumba haipati.

Mnadi alikuja kwangu baada ya masika, alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Hakuweza kuita hodi, alipiga mlango kwa kiganja. Nikafungua. Akanong'ona kwamba anaomba apite nyuma. Nilishangaa, nikasogea apite. Akavua viatu kibarazani. Akatembea uani pole pole kwa zile nyayo zake, akaingia jikoni kwangu ambako hakupata kuingia, akasimama kwenye mafiga, pale palipobonyea.

"Hapa," akasema.

Ilibidi nimsogelee kama daktari ili nisikie. Akasema siku ya kupima mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mpimaji mzungu alimwuliza hii mimea ni nini. Amri ilikuwa kwamba penye kaburi paachwe, na kama pataachwa, safu nzima ya viwanja ilibidi ipimwe upya, siku mbili au zaidi.

"Nilikuwa na njaa. Nguo zimelowa. Nikasema ni mpaka."

"Hukujua?"

"Nilijua. Yalikuwa yamezunguka."

"Basi kwa nini?"

"Magugu yalinifika kiunoni, mama Zaina. Nikajiambia, kaburi lisilopaliliwa halina mwenyewe."

Nikamwuliza na siku ya mnada je, siku aliyoniuliza nimeona nyuma, mdomo ulikuwa na nini? Akasema angesema siku ile wangemuuliza kwa nini hakusema mwanzo. Akasema kila mwaka ukipita jambo lilizidi uzito, kama gunia la mahindi lililoachwa mvuani. Nikamwuliza kama anajua nimepika juu ya mama wa mtu miaka mingapi. Akasema anajua. Nikamwambia atoke. Alipofika mlangoni nikamwambia asimame.

Maana hapo nilijiona na mimi. Yeye alisema ni mpaka kwa ajili ya njaa. Mimi nilisema hakuna kaburi kwa ajili ya karatasi iliyo chini ya godoro. Nikamwambia nitamwita yule mama, na yeye atamwambia kwa mdomo wake, mbele yangu, hata kama hati itakwenda na maji. Akainamisha kichwa. Akauliza kitu kimoja tu: kama huyo mama ataulizia habari ya magugu. Nikamwambia hilo ndilo atakaloulizia kuliko yote.

Jiko nilibomoa kesho yake, mimi na Zaina. Zaina akaandika barua, tukampa mtu wa basi aifikishe Muheza, na kutoka huko ikapanda kwa miguu hadi msikiti wa Zirai. Wiki kadhaa zikapita. Nilipikia kibarazani mbele, moshi machoni, na wapita njia, kwa utani, wananiuliza kama nimefukuzwa na mke mwenzangu.

Mama wa Zirai alifika siku ya soko. Alikuwa amezeeka ghafla, kama watu wa shamba wanavyozeeka. Nilimwomba radhi mlangoni kabla hajaingia. Hakusema nimekusamehe wala sikukusamehe. Alisema miguu inamuuma, nikampeleka nyuma, nikamwekea kigoda. Akakaa mbele ya lile bonde dogo la udongo, akalisalimia. "Shikamoo mama." Akatulia kidogo, kama mtu aliyeitikiwa.

Nikatuma Mnadi aitwe. Alikuja amevaa koti lake la zamani la mnada. Alisimama mbali, kama alivyosimama kwenye mazishi yote, mpaka yule mama akamwita kwa mkono, kwa kuwa hakusikia anachosema. Akachuchumaa karibu naye.

"Wewe ndiye uliyesema ni mpaka."

"Mimi."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Jirani alikuwa anapasua kuni. Tulisikiliza shoka. Mimi nilitegemea amlaani, na laana ya mwanamke wa umri ule si mchezo. Nilikuwa sijaamua kama nitamzuia. Lakini yeye alimtazama tu Mnadi usoni, akamtazama kama alivyoitazama nyumba yangu siku ile ya kwanza.

"Basi wewe ndiye wa mwisho kuliona," akasema. "Aliyezika amekufa. Wapimaji wamekwenda kwao. Hapajabaki mwingine. Palikuwaje?"

Mnadi akainua macho kunitazama. Ni mara moja tu. Nikajua sasa huyu mama atasikia alichokifuata miaka yote, na atarudi nacho Zirai.

"Palikuwa pamepaliliwa," Mnadi akasema.

Yule mama akasogeza sikio. "Unasemaje?"

"Pamepaliliwa. Pamefagiwa. Udongo mwekundu, hauna jani." Akapitisha kiganja juu ya udongo. "Na masale yalikuwa yamekatiwa majani ya chini, yamesimama safi."

"Ya chini?"

"Ya chini."

Akaziba mdomo kwa khanga. Alipoweza kusema alisema kaka yake alikuwa akikata hivyo hivyo kwenye kaburi la baba yao, tangu mdogo, majani ya chini kwa kisu cha jikoni, na mama akimgombeza kwa kisu. Akasema jina la kaka yake. Akalisema tena. Akatuambia, mimi na Mnadi, kama vile sisi ndio ndugu wa kuambiwa, "Nilimwita mwongo mbele ya watoto wake."

Watoto wangu wanajua mimi na uongo. Zaina nilimchapa kwa ajili ya kijiko cha sukari, si kwa sukari bali kwa kusema si yeye. Na pale nilikuwa nimesimama, kinywa ninacho, na magugu ya kiunoni nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, hatua tatu kutoka pale alipochuchumaa. Nikainama nikaokota vipande vya mafiga vilivyobaki, nikavipeleka mahali pengine, ili mikono iwe na kazi.

Mama wa Zirai alilala kwangu siku mbili. Alifunga udongo kidogo kwenye pindo la khanga, akapanda basi asubuhi. Ardhi hakuidai, na hati yangu iko mpaka leo.

Lakini ile jioni, Mnadi alipoaga, nilimfuata mpaka barabarani. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Nilitaka kumwambia kwamba watu wanamwita mkweli, na katika maisha yake amesema uongo mara mbili, na zote mbili juu ya kaburi moja. Maneno yalikuwa tayari. Naye alijua, alisimama katikati ya barabara, viatu mkononi, akanigeukia, akasubiri niyaseme.

Nikamwambia, "Angalia hapo chini, pana utelezi."

Akasema, "Haya, mama Zaina." Akashuka.